Shubiri ya Mke Mkubwa

Sajini Enos Waswa hakuwa na gari. Hakuwa na Kiluo cha kumtosha hata kununua samaki bila kuchekwa, ingawa samaki wa Kisumu alikuwa amewala tangu ujana wake. Hakuwa na nyota mabegani, maana nyota alizozitarajia zilipita mbele ya mlango wake zikaenda kukaa kwa Sydney Obonyo, kijana ambaye yeye Waswa ndiye aliyemfundisha kuandika taarifa ya shahidi. Hakuwa na mke wa kumuuliza mambo ya wanawake, kwa sababu Nanyama alikuwa amerudi Bungoma kumuuguza mama yake, na nyumba ya Nyamasaria ilibaki na sufuria moja chafu na redio. Hakuwa na mwavuli. Na Ijumaa ile aliposhuka Katito na kuanza kukanyaga udongo mweusi wa Nyakach, hakuwa na sababu yoyote ya kuandikika karatasini ya kuamini kwamba Benta Akoth hakuikata ile nguo.

Kesi yenyewe Inspekta Sydney alikuwa amekwisha kuipika, akaipakua na kuiweka mezani.

"Nenda ukachukue saini ya huyo bibi tu, mzee," alimwambia asubuhi, huku akizungusha funguo za gari kidoleni. "Jumatatu anasimama mbele ya hakimu. Karatasi inifikie leo kabla ofisi ya mwendesha mashtaka haijafungwa. Karatasi, si picha ya simu. Halafu wewe endelea mpaka Kendu Bay, kuna hati ya wito ya kupeleka huko."

"Na gari?"

"Gari nina shughuli nalo."

Waswa alilisoma faili akiwa amesimama chini ya paa la duka la mbolea, akingoja mvua ipungue. Ndani mlikuwa na mambo matatu. La kwanza lilikuwa mkasi wa Benta, uliokutwa jikoni mwake na nyuzi nyeusi zimenasa penye msumari. La pili lilikuwa ukimya wa Benta: aliulizwa kama aliikata nguo, naye hakusema ndiyo wala la. La tatu, ambalo Sydney alilipigia mstari kwa wino mwekundu, lilikuwa wivu. Rachael na Benta walikuwa wajane wa mume mmoja, marehemu Owiti, na kijiji kizima kilijua kwamba hawakupeana hata moto. Nguo ya Rachael ndiyo iliyochaguliwa kwenda kwenye maonyesho ya Kisumu. Ya Benta haikuchaguliwa. Siku chache baadaye nguo ya Rachael ikakutwa imekatwa, na kipande hakionekani.

Ilikuwa kesi nzuri. Waswa aliichukia kwa uzuri wake.

*

Rachael alimpokea kwa chai ya maziwa na maneno mengi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye vidole virefu na kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri kama mtu anayengoja kupigwa picha.

"Karibu, Sajini. Umekuja kumchukua?"

"Nimekuja kuiona nguo, mama."

"Inspekta aliiona."

"Inspekta ana macho yake. Mimi nina yangu, na yangu ni ya zamani, yanachelewa."

Rachael alicheka, akafungua sanduku la bati na kuitandaza nguo mezani. Waswa, ambaye maisha yake yote alivaa nguo za mtumba na sare za serikali, alijikuta ameirudisha chai sahanini bila kuinywa. Ilikuwa nyeupe, si nyeupe ya dukani bali ile ya pamba iliyosokotwa kwa mkono, yenye joto kama la maziwa. Katikati yake ilikatiza mistari myeusi, mipana kisha myembamba, na kati ya mistari ile palikuwa na vijimawimbi vya rangi ya kahawia. Ilikuwa nzito. Ukiikunja ilikunjika taratibu kama mkate wa moto.

"Nyeusi hii mnaipata wapi?"

"Ziwani. Uzi unachemshwa na magamba ya mti, halafu unazikwa kwenye tope la pale matete yanapoozea. Ukitoka hapo ni mweusi mpaka ufe wewe. Kahawia ni magamba peke yake, bila tope." Alipitisha kiganja juu ya nguo. "Mama mkwe wetu, Dorka, ndiye aliyeanza. Baba yake alikuwa mtu wa mitego na nyavu kule Kusa, akamfundisha kusokota. Wamishonari wakamwonyesha kitanda cha kufumia. Akachukua uzi wa huku na kitanda cha kule, akafanya kitu ambacho hakuna mahali pengine kipo. Hata Daktari Debra wa Maseno ametembea nchi nzima, anasema hajakiona."

"Huyo ndiye mwenye maonyesho?"

"Ndiye. Na amesema ataitundika hivi hivi na jeraha lake. Watu wajue wivu unafanya nini." Macho yake yalimeta kidogo. "Chini yake kutakuwa na jina langu."

"Moja tu?"

"Kwani nguo inafumwa na wangapi?"

Waswa aliinama juu ya ule upande uliokatwa mpaka pua yake ikakaribia kugusa nyuzi. Alikuwa ameona vitu vingi vilivyokatwa kwa wivu: magodoro, viti vya sofa, suti ya harusi, mara moja hata paa la hema. Mtu mwenye wivu hukata katikati. Hupasua pale patakapouma, kisha huvuta. Huyu alikuwa amekata pembeni kabisa, na mkato wenyewe ulinyooka kama umepigwa rula.

"Hapa pamenyooka sana," alisema.

"Ni mfumaji. Anajua. Ukivuta uzi mmoja utoke, unabaki mfereji mdogo, unaufuata tu."

"Na haya mafundo?"

Kwenye ukingo ule nyuzi zilikuwa zimefungwa tatu tatu, fundo dogo baada ya fundo dogo, kutoka upande mmoja wa nguo mpaka wa pili. Ukitazama haraka ungesema ni tamvua za urembo. Rachael alitazama mafundo, akatazama chai ya Waswa.

"Ni ya kuzuia isifumuke."

"Wewe uligusa nguo ulipoikuta?"

"Nisingegusa. Nilipiga kelele tu. Watu wakajaa. Inspekta alikuwa jirani hapo kwenye mazishi ya mjomba wake, akafika papo hapo. Mpaka alipomaliza kupiga picha, sikugusa hata uzi. Si iko kwenye faili?"

"Iko," alisema Waswa. Aliandika, akamsomea, akampa kalamu. Rachael alitia saini yake kwa madoido.

Waswa alipoinuka kwenda, jicho lake lilishikwa na kitambaa cha kiti alichokuwa amekalia. Nacho kilikuwa cha kazi ile ile, nyeupe na nyeusi. Lakini mwanzo wake, kiasi cha shubiri moja, ulikuwa umelegea. Nyuzi zilipishana kama watu waliolewa, ungeweza kupenyeza njiti ya kiberiti. Baada ya hapo ghafla kilikaza, kikawa sawa na ubao. Aligeuza kitambaa cha kiti cha pili. Kilikuwa vile vile, na cha tatu nacho vile vile.

"Hivi ulivifuma wewe?"

"Vya zamani hivyo. Nilikuwa nikijifunza."

"Kila kimoja ulijifunza mwanzo tu?"

"Chai yako inapoa, Sajini," alisema Rachael.

*

Simu ililia akiwa katikati ya uwanja, kati ya nyumba mbili za wajane wale.

"Umeshapata saini?"

"Bado, afande."

"Mzee, hiyo ni kazi ya dakika. Au unasubiri kuku?"

"Sydney, zile picha ulizipiga baada ya muda gani tangu kelele?"

"Muda gani? Nilikimbia, mguu mmoja kiatu, mmoja hauna. Walikuwa hawajamaliza kulia. Kwani nini?"

"Sina neno."

"Usianze mambo yako. Wewe ni Mbukusu, hujui wake wenza wa huku. Mimi mama yangu alikuwa wa pili. Neno lenyewe kwa Kiluo, mke mwenza na wivu yametoka chungu kimoja. Chukua saini." Akakata.

Waswa aliitazama simu kwa muda kabla ya kuirudisha mfukoni. Alikumbuka alivyomwonyesha Sydney namna ya kuandika tarehe juu ya taarifa, na jinsi kijana yule alivyokuwa akimwita mwalimu.

Nyumba ya Benta ilikuwa ndiyo ya kwanza, inayokabili lango, kama ilivyo haki ya mke mkubwa. Mwenyewe alikuwa ameketi barazani kwenye kitanda chake cha kufumia, mwanamke mrefu wa miaka sabini, mkavu, na hakuacha kazi kwa sababu ya polisi. Alipitisha kijiti chenye uzi, akavuta ubao, du. Akapitisha tena, akavuta, du.

"Oyawore, mama."

"Ni mchana. Kiluo chako kimechelewa kuamka." Du. "Wewe ndiye mpya? Yule mtoto wa Obonyo ameona haya kurudi?"

"Ana shughuli na gari."

"Hm. Kama umekuja kwa kuku, kuku wote ni wa Rachael. Mimi wangu walikufa na kideri."

"Nimekuja na mkasi wako." Waswa alitoa bahasha ya ushahidi, akaiweka kwenye baraza. "Nyuzi nyeusi hizi ni za nini?"

"Ni za nguo hii. Huoni nafuma nyeusi?"

"Mbona hukumwambia Inspekta?"

"Hakuniuliza nafuma nini. Aliniuliza kama nina wivu."

"Ukasema?"

"Nikamuuliza yeye kama ana mama."

Waswa alijizuia asicheke. Alikuwa amekwisha kuona jambo la mkasi tangu mezani kwa Rachael, na sasa alilipanga vizuri kichwani. Mkato wa ile nguo ulikuwa umepita penye weupe mtupu. Nyuzi zilizotandwa kwa urefu zilikuwa nyeupe zote, na mstari mweusi wa kwanza ulikuwa mbali na ukingo, kiasi cha kiganja. Mkasi ulioikata nguo ile ungetoka na vumbi jeupe. Nyuzi nyeusi alizozifurahia Sydney hazikuwa na uhusiano na mkato ule, zilikuwa zimetoka kwenye kazi hii hii iliyokuwa mbele yake. Hapo jambo la kwanza la faili likaanguka. Yalibaki la ukimya na la wivu.

Alisogea karibu na kitanda. Nguo ya Benta ilikuwa imevingirishwa kwenye gogo la mbele, na mwanzo wake ulichungulia kwa chini. Waswa aliugusa kwa kidole gumba. Ulikuwa umekaza kuanzia uzi wa kwanza kabisa. Hata ncha ya kalamu isingepenya.

"Mama, mkono wako ni mzuri."

"Nimefundishwa na Dorka mwenyewe. Yule mwingine alikuta nimekwisha kufundishwa."

"Mbona basi hawakuichagua yako?"

Ubao ulisimama hewani. Mara ya kwanza Benta alimtazama usoni.

"Kwa sababu mkono wangu ni mzuri na wa kwake ni mzuri zaidi," alisema. "Umefurahi? Huyo daktari wa Maseno alisimama hapa, akasema yangu ni imara. Imara! Kama anasifu choo. Kisha akavuka uwanja, akaiona ile, akakaa chini bila kukaribishwa."

"Na hapo ukaona wivu."

"Nimeuona tangu siku alipoletwa hapa na sanduku lake. Sikungoja daktari."

"Lakini hukuikata."

Benta alirudi kwenye kazi. Du.

Waswa aliketi kwenye kigoda. Mtu asiyejua lugha hujifunza kutazama, naye kwa miaka mingi alikuwa amewatazama watu wa ziwani walivyofanya mambo yao. Alikumbuka jirani yake mmoja Nyamasaria, mzee wa Kiluo mwenye wake wawili, ambaye kila msimu wa mvua alimwacha mke wa pili ashike jembe mkononi na kungoja. Huyo wa pili hakupanda mbegu mpaka yule mkubwa atangulie kupanda shambani kwake. Hata mvua ikikatika, alingoja.

"Mama Benta," alisema polepole, "hapa kwenu mke mdogo anaweza kuanza kupanda kabla yako?"

"Labda kama anataka kuleta msiba nyumbani."

"Na kuanza nguo?"

Kuku mmoja wa Rachael alipita barazani, akafukuzwa kwa mguu.

"Dorka alisema nguo ni kama mbegu," Benta alisema mwishowe. "Haianzwi na mdogo kama mkubwa yuko hai. Kila nguo inayofumwa katika boma hili, naifungua mimi. Shubiri moja. Nyeupe, bila urembo. Halafu natoka kitandani, yeye anaketi."

"Hata ile ya maonyesho?"

"Hata ile."

"Ile shubiri yako ndiyo iliyokatwa."

"Umesema wewe."

"Na kwenye viti vyake nimeiona hiyo shubiri, mama. Kwenye vyote. Imelegea kama wavu uliotoboka. Ya kwako hapa imekaza kama ngoma." Waswa aliinama mbele. "Mkono ni ule ule. Mkono hausahau kazi kwa kuvuka uwanja."

Benta aliuachia ubao. Alitazama lango, akatazama nyumba ya mwenzake, na shingo yake ndefu ikasimama wima.

"Ungekuwa mke wa kwanza," alisema, "ungejua."

Sasa Waswa alijua kwa nini alinyamaza mbele ya Sydney. Angesema kilichokatwa ni kazi yake, angeulizwa mbona kazi yake ilikuwa mbaya kiasi kile. Afadhali aitwe mkata nguo kuliko aitwe mfumaji aliyefuma vibaya kwa makusudi ili nguo ya mwenzake ianze na aibu. Angesimama mbele ya hakimu Jumatatu na mdomo umefungwa.

"Inuka, mama. Twende kwake."

"Mimi siingii mle."

"Basi simama mlangoni."

*

Rachael alipowaona wawili pamoja, alisahau kumkaribisha mgeni. Benta alisimama kizingitini kama alivyoambiwa, mikono nyuma, akikagua dari la mwenzake kwa dharau.

Waswa alitoa picha ya Sydney kutoka kwenye faili, akaiweka juu ya nguo, ukingo kwa ukingo.

"Hii picha ilipigwa watu wakiwa bado wanalia. Unaona mafundo?"

Rachael aliangalia.

"Yako pale pale, kutoka mwanzo mpaka mwisho," Waswa aliendelea. "Nimeyafunga mawili sasa hivi kichwani, yamenishinda. Kwanza unafumua mistari michache upate urefu wa kufunga, kisha unafunga tatu tatu upana mzima wa nguo. Ni kazi ya kuketi, na taa, na subira. Adui gani anakata nguo ya mtu kisha anaketi kuifunga jeraha isimwage damu?"

"Labda niliyafunga mimi nikasahau. Nilikuwa na uchungu."

"Umeniandikia hapa hukugusa hata uzi."

"Basi alifunga yeye!" Kidole kirefu kilielekea mlangoni. "Si ni mfumaji?"

"Mimi?" alisema Benta. "Mimi niifungie nguo yako? Ningeiacha ifumuke mpaka kwa Debra."

Waswa alikubali moyoni kwamba huo ulikuwa utetezi bora kuliko wote aliowahi kuusikia.

"Mama Rachael, nionyeshe kikapu chako cha nyuzi."

"Cha nini?"

"Nionyeshe tu."

Hakungoja. Kikapu kilikuwa nyuma ya kiti, kimefunikwa. Ndani mlikuwa na mafungu ya uzi mweupe, mweusi na wa kahawia, yote laini na yaliyonyooka. Chini kabisa palikuwa na donge moja jeupe. Waswa alivuta ncha yake. Uzi ulitoka umejikunja vijimawimbi, kama nywele zilizofunguliwa msuko. Aliuvuta ukanyooka, akauachia, ukajikunja tena.

Alimpelekea Benta mlangoni. Benta aliupitisha uzi kati ya vidole.

"Huu umekwisha kufumwa," alisema. "Ukifumuliwa haunyooki tena mpaka uoshwe." Akauvuta tena kidogo, akaunusa. "Na ni pamba niliyoisokota mimi. Mimi nasokota mzito kidogo."

Hilo ndilo kosa ambalo mwizi wa mjini asingelifanya. Mwizi wa mjini angekichoma kipande kile jikoni na habari ingekwisha. Lakini Rachael alikuwa binti wa kazi ya Dorka, na uzi uliosokotwa kwa mkono kutwa nzima hautupwi motoni, hata kama ni wa mtu unayemchukia. Alikifumua, akaufunga donge, akauweka kikapuni autumie siku moja.

Rachael aliketi. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa kimelegea upande mmoja, wala hakukirekebisha.

"Miaka yote," alisema. "Kila nguo. Naketi pale, nakuta mdomo wa nguo umepinda. Nikilia kwa mume, anasema ni mila. Nikimwambia mama mkwe, ananiambia nishukuru nimefunguliwa. Najua mkono wake, Sajini! Nimeuona wa kwake mwenyewe! Daktari akaja, akaniambia nguo hii itatundikwa ukutani, watu wapite. Watasimama wapi kwanza? Si mwanzoni? Waanze na uchafu wake?" Aligeuka mlangoni. "Na wewe ukamwambia daktari, mbele yangu, 'mimi ndiye niliyeifungua.' Ukatabasamu!"

"Ni kweli niliifungua."

"Nikasema, basi. Itaanza na mimi."

"Na polisi?" aliuliza Waswa.

"Ningesema nini? Kila mtu hapa anajua nguo ina shubiri ya mkubwa. Wangeuliza iko wapi." Aliinamisha kichwa. "Inspekta alisema Benta atapigwa faini tu. Sikujua ni hakimu."

"Ulijua," alisema Benta.

Waswa alisogeza sahani za chai, akatoa karatasi nyeupe. Aliandika juu jina la kituo, tarehe, na kwa mwandiko alioufinyanga mwenyewe kwenye shule ya usiku, *Kwa Inspekta S. Obonyo*. Chini yake aliandika bila kufuta, na alipomaliza alisoma kwa sauti.

"*Nguo hii ilianzishwa na Benta Akoth, mke wa kwanza, kwa mila ya boma. Kipande kilichokatwa ndicho alichokifuma yeye. Aliyekikata ni mlalamikaji mwenyewe, Rachael Owiti, ili nguo ionekane imeanza kwake. Shtaka dhidi ya Benta Akoth halina msingi na mlalamikaji analiondoa. Nyuzi za mkasi ni nyeusi na mkato ni mweupe, jambo ambalo afisa wa kwanza angeliona.*"

Sentensi ile ya mwisho haikuwa ya lazima. Aliiacha.

"Tieni saini, nyote wawili."

Rachael alikuwa amesimama. "Andika mimi ni mwongo. Hilo nakubali, andika hata mara tatu. Lakini ile ya juu iondoe. Usiandike kwamba ilianzishwa na yeye."

"Bila hiyo hakuna sababu. Inspekta atasema nimekutisha, na Jumatatu mama huyu anasimama kizimbani."

"Basi nipeleke mimi kizimbani. Sitii saini hapo."

"Asipelekwe!" Benta alikuwa ameingia ndani ya nyumba bila kujua. "Akifungwa watamhurumia. Watamletea sabuni. Nataka akae hapa hapa, aone jina langu likitangulia."

"Umesikia?" Rachael alimgeukia Waswa. "Umesikia mtu huyu? Sawa. Kama utaandika alianza, andika alianza vipi. Andika alilegeza kwa makusudi. Umeona viti vyangu."

"Nimeona," alisema Waswa.

Alichukua kalamu, akaongeza: *Kipande hicho kilifumwa vibaya kwa kusudi la kuiharibu nguo ya mwenzake, wala si kwa kutojua.* Akasoma.

Benta alirudi nyuma hatua moja, mpaka kisogo kikagusa mlango. "Hiyo sitii. Mimi ni mwanafunzi wa Dorka. Afadhali niende kwa hakimu."

"Utaenda, mama. Na ukifika huko utakaa kimya tena, na hakimu ataamini mkasi."

Nje Fabian wa bodaboda, aliyekuwa ameitwa kupeleka barua Kisumu, alipiga honi mara moja kisha akaona haya. Waswa alitafuna ukucha wake. Faili lilikuwa na makosa mengi aliyotamani kumwonyesha Sydney, lakini bila saini mbili lilikuwa karatasi tu, na yeye angeingia Kendu Bay akiwa mjumbe kama alivyotoka.

Rachael ndiye aliyeanza. Alivuta karatasi, akasoma mstari ule mpya kwa midomo, taratibu, akiuonja. Kisha akatia saini, bila madoido safari hii, na kusukuma kalamu upande wa pili wa meza.

"Kwamba ulifanya makusudi," alisema. "Imeandikwa."

Benta alikuja mezani. Hakuketi. Alitafuta mstari wa kwanza kabisa, akauwekea kidole.

"Hapa ndipo inaposema nilianza mimi?"

"Hapo."

"Jina langu liko mbele ya lake?"

"Liko mbele."

Akatia saini yake, herufi kubwa za mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Kila mmoja alikuwa ametia saini kwa ajili ya mstari ambao mwenzake aliukataa.

Waswa alikunja karatasi mara tatu, akaiingiza kwenye bahasha ya kaki, akailamba gundi, akaibonyeza kwa ngumi juu ya meza ile ile palipolala nguo, na kuupiga muhuri juu ya mshono. Alimkabidhi Fabian mkononi. Fabian aliiingiza kifuani chini ya koti la mvua, akapiga teke injini. Wale wanawake wawili walitoka wakasimama mlangoni, bega karibu na bega, wakiitazama pikipiki ikiteleza kwenye tope mpaka langoni, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kugeuza macho.